Mafaili ya mwalimu: je, antivairasi ya kununua ingeyaokoa?

Laptopu ni moja, watumiaji wanne. Baba ni mwalimu mstaafu ambaye bado anatungia shule mbili za binafsi mitihani ya majaribio. Mama ni katibu wa kikoba na daftari la michango liko kwenye Excel. Binti yuko mwaka wa mwisho chuoni, anaandika utafiti. Kijana wa mwisho, aliyemaliza kidato cha nne, anatengeneza midundo ya muziki na anaamini itamlisha. Mashine yenyewe ni ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha sita yenye Windows 10. Nyumba iko Tabata, Dar es Salaam, na intaneti yao ni bando la simu wanalogawana kwa hotspoti.

Jumapili moja jioni kila faili likaongezewa herufi nne mwishoni mwa jina lake. Mtihani wa Hisabati haukufunguka, picha za harusi ya mtoto wa kwanza hazikufunguka, daftari la kikoba halikufunguka. Ndani ya folda kukazuka faili geni, _readme.txt, lililoandikwa Kiingereza cha upole kabisa: usiwe na wasiwasi, mafaili yako yote yanaweza kurudi. Bei dola 980. Ukiwasiliana nao ndani ya saa 72, punguzo la nusu, dola 490. Na kama humwamini mwizi, mtumie faili moja akufungulie bure uone.

Mwalimu aliponiletea laptopu alikuwa na boksi la antivairasi, nailoni haijabanduliwa. Alikuwa amepita Kariakoo kwanza, na muuzaji akamwambia yamemkuta haya kwa sababu kompyuta yake haikuwa na antivairasi.

"Fundi, ningeinunua hii mwezi uliopita, si tusingefika hapa?"

Nikamjibu, "Mzee, hilo boksi usilifungue kwanza. Niachie mashine niisome."

Kanuni ya kwanza kwenye kazi hii ni kutochomeka flashi. Watu wengi, wakiona mafaili yameharibika, hukimbilia flashi ili kuokoa yaliyobaki. Virusi vya aina hii vinapenda sana hilo. Ujumbe wa _readme.txt, bei zake na faili dogo linaloitwa PersonalID.txt ndani ya folda ya SystemID kwenye C vilitosha kunionyesha kwamba ni familia ya STOP, ambayo wengine huiita Djvu. Ni virusi vya kuteka mafaili na kudai fidia, na shabaha yao hasa si benki wala hospitali, ni watu wa nyumbani. Vikishaingia vinajipangia kazi ya kudumu kwenye Windows, "Time Trigger Task", inayoviamsha kila baada ya dakika chache vifunge kilichoongezeka. Flashi ya kuokolea nayo inakuwa chakula. Kwa hiyo nilichomoa diski, nikaisoma kwenye kompyuta nyingine inayotumia Linux.

Nilianza kutafuta kumbukumbu za Defender, ile antivairasi inayokuja ndani ya Windows. Watu wengi hawajui kwamba Defender inaandika kila inachokifanya, kwa saa na dakika, kwenye faili linalosomeka kwa Event Viewer. Maelezo ni marefu lakini namba za matukio ndizo zinazosema. 1116: nimeona programu hatari. 1117: nimeichukulia hatua. 5001: ulinzi wa muda wote umezimwa. 5000: umewashwa tena.

Jumapili ile mchana ilikuwa na 1116, ikifuatwa na 1117. Baada ya dakika kadhaa jozi hiyohiyo, 1116 na 1117, kwa faili lilelile. Halafu 5001. Halafu kimya. Usiku, muda mrefu baadaye, ikaja 5000, kwa sababu Defender ukiizima kwenye mipangilio huwa inajiwasha yenyewe baada ya muda. Ilipoamka ikaifagia programu ya virusi iliyobaki. Kwa mafaili yaliyokwisha kufungwa haikufanya kitu, maana faili lililofungwa kwa ufunguo si virusi. Ni mtihani wa Hisabati usiosomeka.

Kwa maneno mengine, antivairasi ilikuwepo. Ilimwona mwizi mara mbili na kumtoa mara mbili. Mara ya tatu mwenyeji akamfungulia mlango na kumwambia mlinzi akapumzike.

Historia ya kivinjari ilimalizia. Kijana alikuwa anatafuta kraki, yaani nakala iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa, ya programu ya kutengenezea muziki inayouzwa kwa dola. Akapata zipu yenye paswedi ya tarakimu nne. Paswedi hiyo haiko pale kwa ajili ya usalama. Kazi yake ni kuifanya zipu isichunguzike na kivinjari wala antivairasi mpaka mtumiaji aifungue kwa mkono wake. Ndani kulikuwa na faili la maelekezo, na hatua ya kwanza ilikuwa kuzima antivairasi, "kwa sababu huwa inaidhania kraki kuwa virusi". Sentensi hii nimeikuta kwenye mashine nyingi kiasi kwamba siku hizi naitafuta kabla ya kutafuta virusi vyenyewe. Ubaya wake ni kwamba ina chembe ya ukweli: kuna kraki ambazo antivairasi huzikamata kwa kuwa ni kraki tu. Kijana aliyewahi kufunga moja ikafanya kazi ataamini na ya pili. Wahalifu wanajua hilo. Desemba 2021 kampuni ya Red Canary ya Marekani ilieleza jinsi programu ya kuiba paswedi ilivyokuwa inasambazwa kupitia nakala bandia za KMSPico, kale kaprogramu ka kuamshia Windows na Office bila kulipia, ambako ukifungua kompyuta za mtaani kwetu hukakosi.

Sasa swali la mwalimu. Tuseme boksi la Kariakoo lingekuwa limefungwa mwezi mmoja kabla. Lingeiona ile kraki? Naamini ndiyo, kwa sababu hata Defender iliiona. Kijana angefanyaje? Angefanya alichofanya. Antivairasi zote za kulipia ninazozijua zina mahali pa kubofya ili zisimame kwa dakika kumi, saa moja, au mpaka kompyuta iwashwe upya. Baadhi zinakuruhusu kuweka paswedi kwenye mipangilio yake, na hapo kweli dogo angekwama. Lakini kufuli hilo Windows inalo bure. Ukimpa mtumiaji akaunti ya kawaida, isiyo ya admini, hawezi kuizima Defender bila paswedi ya mwenye mamlaka. Tabata wote wanne walikuwa wanatumia akaunti moja, ya admini, isiyo na paswedi kabisa, kama mashine ilivyotoka dukani. Kuna kinga nyingine inayoitwa Tamper Protection, na ilikuwa imewashwa. Lakini hiyo inazuia programu nyingine kuivuruga Defender, haimzuii binadamu mwenye haki za admini anayeingia kwenye mipangilio na kubofya mwenyewe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na muuzaji wa Kariakoo. Pengo la nyumba ile halikuwa kukosa antivairasi. Ilikuwa ni nani mwenye mamlaka ya kuizima, na nakala za mafaili ziko wapi ikishazimwa.

Kuhusu nakala, hali ilikuwa mbaya ila si ya kukatisha tamaa. Kwanza nilitazama ile namba ya utambulisho kwenye PersonalID.txt. STOP ikishindwa kufika kwenye seva ya wenyewe hutumia ufunguo ulioko ndani yake, na namba hiyo huishia na t1. Hapo kuna tumaini, kwa sababu ufunguo mmoja unahudumia watu wengi, na ukipatikana kwa mmoja unafaa kwa wote. Oktoba 2019 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Emsisoft pamoja na mtafiti Michael Gillespie walitoa kifaa cha bure cha kufungulia matoleo 148 ya virusi hivi. Matoleo yaliyokuja baadaye yamebadilishiwa kufuli, na kifaa hicho kinayafungua pale tu ufunguo wa t1 unapokuwa umeshapatikana. Namba ya mwalimu haikuishia na t1. Ufunguo wake ulitoka kwenye seva, ni wake peke yake, na uko kwa mwizi.

Lakini STOP ina haraka. Ili imalize diski nzima kabla hujastuka, inafunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo tu za kila faili na kuacha zilizobaki. Kwa hati ya Word ya kurasa tano huo ni mwisho wa habari, maana hati yote haifiki hapo. Kwa faili la sauti la megabaiti hamsini ni kama kukatwa ukucha. Midundo mingi ya kijana iliyokuwa katika WAV ilirudi, ikipungua sekunde ya mwanzo. Video za harusi zilitengenezeka kwa kuazima kichwa, yaani sehemu ya faili inayoeleza lisomwe vipi, cha video nzima iliyopigwa na kamera ileile. Aliyeileta balaa ndiye aliyepoteza kidogo kuliko wote, na dada yake hakuacha kumkumbusha.

Utafiti wa binti ulikutwa kwenye barua pepe alizomtumia msimamizi wake, sura kwa sura. Daftari la kikoba lilipatikana kwenye WhatsApp, kwa kuwa mama huwatumia wanachama kila mwisho wa mwezi. Ilipotea michango ya wiki mbili, wakaiandika upya kwa kukumbushana na kwa ujumbe wa miamala ya simu. Mitihani ya mwalimu ilikuwa steshenari. Kule anakochapisha, nakala zake za miaka mitatu zilikuwa zimejaa kwenye desktopu ya mwenye duka, pamoja na barua za watu za kuomba kazi, mikataba ya upangaji na vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa. Kwa siri za watu ni aibu tupu, na kwa mitihani ni hatari zaidi. Siku hiyo nilishukuru.

Hatukulipa. Dola 490 ni zaidi ya milioni moja ya shilingi, na anayepokea hana ofisi ya kumlalamikia. Kitu ambacho mwalimu hakukitegemea ni kwamba kazi kubwa ilikuwa bado. STOP mara nyingi haiji peke yake. Inabeba programu za kuiba paswedi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vinavyomruhusu mtu kuingia kwenye akaunti yako bila kuulizwa paswedi. Kwa hiyo kabla ya kugusa Windows, familia nzima ilikaa na simu zao, si ile laptopu, wakabadilisha paswedi za barua pepe, Facebook na mfumo wa chuo wa binti, na kila mmoja akabofya kitufe cha kujiondoa kwenye vifaa vyote alikowahi kuingia. Ukibadilisha paswedi na kuacha vikao vya zamani vikiwa wazi, aliyeiba kidakuzi anaweza kuendelea kukaa ndani. Baada ya hapo ndipo nikafuta diski na kuweka Windows upya.

Nirudi kwa mwalimu na boksi lake, kwa sababu imani yake hakuiokota njiani. Amejifunza kompyuta enzi za Windows XP, wakati flashi ikichomekwa ilikuwa na uwezo wa kuendesha programu yenyewe bila kuulizwa. Virusi vya Conficker, vilivyoibuka Novemba 2008, vilipitia tundu, yaani kasoro ya usalama ndani ya Windows, ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba mwezi mmoja kabla, na baadaye vikajifunza kupanda flashi pia. Windows Vista ilikuja na kitu kinachoitwa Defender, lakini ile ilikuwa ya kukamata programu za upelelezi, si antivairasi kamili. Mwaka 2009 Microsoft ikatoa antivairasi yake, Security Essentials, bure kwa anayeijua na mwenye bando la kuipakua. Mwezi Februari 2011 ndipo wakasambaza sasisho la kuzinyima flashi ruhusa ya kujiendesha kwenye XP na Vista. Na ni Windows 8, mwaka 2012, iliyokuja na antivairasi kamili ndani yake. Aliyeambiwa mwaka 2005 kwamba asiwashe kompyuta bila antivairasi aliambiwa kweli tupu.

Hata baada ya hapo Defender ilidharauliwa kwa miaka kadhaa, na si kwa kuonewa: maabara ya AV-TEST ya Ujerumani ilikuwa inaipa alama za chini. Sasa hivi iko meza moja na za kulipia. Sisemi za kulipia hazifanyi kazi. Nasema mtu wa nyumbani mwenye Windows iliyo hai anaponunua, ananunua kitu alichonacho tayari, na ananunua pia programu ngeni yenye ruhusa ya kusoma kila faili na kila ukurasa anaofungua. Januari 2017 Robert O'Callahan, aliyewahi kuwa mhandisi wa Mozilla, aliwashauri watu waziondoe antivairasi za nje na kubaki na ya Microsoft, kwa kuwa zilikuwa zinatoboa kinga za kivinjari wakati zinajaribu kukilinda. Na antivairasi za bure nazo zina bei yake: Januari 2020 ilifichuliwa kwamba Avast, kupitia kampuni yake tanzu Jumpshot, ilikuwa inauza taarifa za kurasa wanazotembelea watumiaji wake. Jumpshot ikafungwa, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani ikaitoza Avast dola milioni 16.5.

Mwalimu alinibana mahali pamoja, na alikuwa na haki. "Na flashi za steshenari je?" Virusi vya shotikati bado vipo mtaani. Unachapisha karatasi zako, unarudi nyumbani, folda zako zimekuwa alama zenye mshale mdogo. Folda halisi zimefichwa. Ukibofya ile ya bandia inaendesha skripti kupitia wscript.exe kisha inakufungulia folda ya kweli, hivyo huoni tofauti. Lakini angalia: lazima ubofye. Havijiendeshi kama zamani, na Defender yenye masasisho huvikamata sana. Flashi ikishasafishwa, mafaili yaliyofichwa unayatoa kwa amri moja, attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Kwa mwalimu tulikubaliana jambo jepesi zaidi: mitihani ataitoa PDF, ataibeba kwenye flashi ya safari isiyo na kitu kingine, atasimama pale faili lifutwe kwenye desktopu ya watu, na akirudi ataifomati.

Kilichonitia hofu zaidi kuliko flashi ni masasisho. Binti, kwa nia njema ya kuokoa bando, alikuwa ameiambia Windows kwamba mtandao wa simu ni wa kupimwa (metered), yaani data yake itumiwe kwa kubana, na masasisho makubwa yakasimama kwa miezi. Mei 12, 2017 WannaCry, virusi vingine vya kuteka mafaili, vilipolipuka dunia nzima, sasisho la kuziba tundu vilikopitia lilikuwa limetoka Machi 14. Mashine nyingi zilizoanguka zilikuwa na Windows 7 ambayo bado ilikuwa inapewa masasisho. Wenyewe hawakuwa wameyaweka. Tabata sasa wana siku ya sasisho: usiku mmoja kwa mwezi bando la usiku linanunuliwa kwa ajili ya kompyuta tu.

Tatizo ni kwamba Core i5 ya kizazi cha sita haikubaliki rasmi kwenye Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Microsoft imewapa watu wa nyumbani mwaka mmoja wa ziada kwa kujiandikisha, na imesema Defender itaendelea kuletewa orodha mpya za virusi mpaka 2028. Orodha mpya kwenye Windows isiyozibwa matundu hainipi usingizi, na antivairasi ya kununua haiwezi kuliziba tundu la Windows yenyewe. Nimemshauri mwalimu mashine hii iingie Linux mwaka huo wa ziada ukiisha. Yuko tayari. Mama hayuko tayari, kwa sababu ya Excel yake, na sijapata jibu la kumridhisha.

Boksi alilirudisha Kariakoo. Muuzaji akanuna kidogo, akakubali kulibadilisha kwa diski ya nje, mwalimu akaongeza hela kidogo. Diski inachomekwa Ijumaa jioni, mafaili yananakiliwa, inachomolewa na kuwekwa kabatini. Ikibaki imechomekwa muda wote itafungwa pamoja na nyingine. Watoto na mama wana akaunti za kawaida. Paswedi ya admini anayo mwalimu peke yake. Nimewasha pia kinga ya Defender inayozuia programu isiyojulikana kuandika kwenye folda za nyaraka na picha. Ipo tangu mwaka 2017 lakini inakuja ikiwa imezimwa, nadhani kwa sababu ya kero: wiki ya kwanza ilimzuia kijana kuhifadhi kazi zake mpaka tukaitambulisha programu yake mpya. Hiyo ni LMMS, ya bure na halali. Anasema haina ladha ya ile ya kraki.

Mafaili yaliyofungwa hatukuyafuta. Yako kwenye diski ya zamani pamoja na _readme.txt na PersonalID.txt, maana bila namba ile hata ufunguo ukipatikana hautajulikana ni wa nani. Mei 2016 wenye virusi vya TeslaCrypt walifunga biashara yao na kuuweka hadharani ufunguo mkuu, na waliokuwa wametunza mafaili yao wakayafungua bure. Wenye STOP hawajafanya hivyo.